Wimbo kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Katika kila nyumba kuna usiku usiosahaulika. Leo nawasimulia habari za usiku wa namna hiyo nyumbani kwangu, hapa Lubumbashi. Sitafuti kuhurumiwa. Nadhani tu kwamba wazazi wengi wanaomlea mtoto mgonjwa wa siku nyingi wataona mambo yao wenyewe ndani ya maneno yangu.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao kwetu wengi huuita SS. Ni ugonjwa wa damu, nao hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupita hata katika mishipa iliyo myembamba sana. Kwa mtoto wa SS, chembe hizo hujipinda mfano wa mundu, huwa ngumu, na huiziba mishipa midogo. Mahali damu isipopita, hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Mganga James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910. Lakini hata leo ziko jamaa zinazotafuta mchawi badala ya kutafuta kipimo cha damu.

Katika nchi yetu ya Katanga, kiangazi kina usiku wa baridi kali, hasa mwezi wa 6 na wa 7. Baridi, kiu, uchovu na homa huyaamsha maumivu ya ugonjwa huu. Kijana wetu alikuwa na miaka saba wakati alipoamka usiku mmoja akilia miguu. Tulifanya kama tulivyoagizwa na mganga: tulimpa dawa yake ya maumivu, tulimnywesha maji, tulimfunika mablanketi, na mke wangu alipasha maji juu ya mbabula uani ili kumkanda. Lakini dawa haifanyi kazi mara moja. Kati ya kuimeza na kupata nafuu kuna saa nzima ya mateso, na saa ile ndiyo iliyotushinda.

Maana sisi tulifanya nini katika saa ile? Jirani waliposikia kilio walikuja, na chumba kilijaa watu. Mmoja alisali kwa sauti kubwa, mwingine alilia. Mimi nilifungua redio, nikidhani muziki utamsahaulisha mtoto maumivu yake. Kila dakika nilimwuliza: "Unaumwa wapi? Na sasa je? Na sasa?" Huko nje jenereta ya baa ya jirani ilinguruma bila kupumzika. Mtoto alipumua harakaharaka mfano wa mtu aliyekimbia mbio, ngumi zake zilikuwa zimefungwa, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Ndipo alipoingia mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Nkambo. Alitangulia kuzima redio. Halafu aliwaomba jirani, kwa adabu, wakae sebuleni. Alikaa kitandani, akaushika mguu wa mtoto katikati ya viganja vyake, akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza watoto wa kwao Kamina, kwa Kiluba. Hakuimba kwa nguvu. Mara nyingi mdomo wake ulikuwa umefumbwa, na sauti ilivuma kifuani tu. Alikwenda polepole, na kila mwisho wa ubeti alinyamaza kidogo kabla ya kuanza tena.

Mimi ni mwalimu, na siku ile elimu yangu ilinipa kiburi. Nilimwambia: "Mama, mtoto anahitaji dawa, hahitaji kubembelezwa kama kitoto kichanga." Alinijibu bila kugeuza kichwa: "Dawa amekwisha kuinywa, mwanangu. Sasa anahitaji mtu asiyeogopa."

Nilinyamaza. Baada ya muda niliona jambo ambalo sikulitazamia. Pumzi ya mtoto ilianza kufuata pumzi ya nkambo wake. Ngumi zilifunguka. Maumivu hayakuisha, maana kila alipojigeuza alipiga kite. Lakini woga ulikuwa umemtoka usoni. Dawa ilipofika kazini, ilimkuta ametulia, akalala.

Tuliporudi hospitali kwa siku ya kupimwa, nilimweleza mganga habari hizo, nikitazamia kwamba atacheka. Hakucheka hata kidogo. Alichukua karatasi akanichorea mwili wa mtu pamoja na neva zake, ndiyo mishipa ya fahamu.

Alinieleza kwamba ziko neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru, na kazi yake imegawanyika pande mbili, mfano wa lori: kuna mafuta ya kulisukuma na kuna breki ya kulipunguza mwendo. Mtu akiogopa, upande wa kwanza huamka: moyo hupiga upesi, pumzi huwa fupi, na mishipa ya damu ya mikono na miguu hujikaza. Kwa mtu mzima wa mwili, jambo hilo si hatari. Humsaidia kumkimbia nyoka. Lakini kwa mtoto wa SS, ambaye njia za damu yake zimekwisha kuzibwa, woga huzidisha taabu. Watafiti wamewapima watu wenye ugonjwa huu, wakaona kwamba wasiwasi peke yake hupunguza damu inayopita katika mishipa yao midogo.

Upande wa pili ndio breki. Mkubwa wake ni neva iitwayo vagusi. Hutoka chini ya ubongo, hupita shingoni, hufika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliiamsha neva hiyo katika moyo wa kwanza, nao ulipunguza mapigo. Kisha alichukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo ule, akayatia katika moyo wa pili. Nao pia ulipunguza mapigo. Hivyo alithibitisha kwamba neva huuarifu moyo kwa kutoa dawa ndogo yake yenyewe. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na Henry Dale.

Basi wimbo unaingia wapi? Kila tunapotoa pumzi polepole, breki ile hukaza kidogo, na moyo hupunguza mwendo. Na mtu anayeimba polepole hufanya nini, ila kutoa pumzi ndefu, tena na tena? Mgonjwa anayesikiliza sauti tulivu huanza kuifuata bila kujua, hasa ikiwa sauti anayoijua na kuipenda. Nkambo hakuwa na uchawi wala sayansi ya vitabu. Alimkopesha mjukuu wake pumzi yake.

Mganga aliniambia habari nyingine ambayo wasomaji wa gazeti hili wataifurahia. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha utafiti katika gazeti la waganga wa Uingereza, British Medical Journal. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya, wakiwasalisha Ave Maria kwa Kilatini, kwa kupokezana kama tunavyofanya katika Rozari. Pumzi zao zilipungua zikawa karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yalifuata utaratibu mzuri zaidi. Maneno ya sala ya Wahindi, yaliyorudiwarudiwa kwa mwendo ule ule, yalileta matokeo ya namna moja. Utafiti huo haukupima neema ya Mungu, wala hakuna kipimo cha kuipima. Ulionyesha tu kwamba mwili nao hupata pumziko katika sala isiyo na haraka. Tangu hapo naelewa kwa nini Rozari inayokimbizwa kama kazi ya kumaliza haimpi mgonjwa utulivu wowote.

Mwaka 2006 Bernardi na wenzake walichapisha utafiti mwingine, ambao ulinifundisha kosa la redio yangu. Waliwasikilizisha watu 24 muziki wa namna mbalimbali. Muziki wa haraka uliongeza pumzi na mapigo ya moyo. Lakini walipoukatiza muziki kwa dakika mbili za kimya, miili ilitulia kuliko hata kabla ya kuanza kusikiliza. Nilikumbuka jinsi Nkambo alivyonyamaza kila mwisho wa ubeti. Kumbe kile kimya kilikuwa sehemu ya wimbo.

Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa tamu. Lakini lazima niungame kosa langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya kujifunza hayo yote, nami nilianza kumwimbia mtoto. Nilifaulu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nilijisifu mbele ya rafiki zangu. Usiku mmoja, mwaka uliofuata, alilalamika kwamba kifua kinamwuma. Nilimpa dawa, nilikaa karibu naye, niliimba. Nilipomgusa paji la uso nilihisi joto kidogo, lakini alikuwa ametulia, macho yamefumbwa, nami nilijiambia: "Tazama, amepona." Sikuchukua kipimo cha homa kilichokuwa hatua mbili tu kutoka mkono wangu. Niliogopa kumwamsha, na zaidi ya hayo, niliupenda ushindi wangu.

Kabla ya mapambazuko mke wangu alimgusa akapiga kelele. Mtoto alikuwa anawaka moto, na pumzi yake ilikuwa nyepesi mno. Tulikimbia naye hospitali juu ya pikipiki, yeye akiwa katikati yetu. Mapafu yalikuwa yameshambuliwa. Alitiwa dawa mshipani, akapewa hewa ya oksijeni, akaongezewa damu. Tulikaa huko siku tisa. Siku ya pili, tukiwa tumekaa barazani, mke wangu aliniambia neno moja tu, bila hasira: "Baba wa watoto, ulimwimbia vizuri, lakini hukumpima."

Neno hilo limekaa moyoni mwangu hata leo.

Mganga naye alinifundisha jambo ambalo kila mzazi wa mtoto wa SS anapaswa kulishika kama amri: homa ikifika digrii 38, usingoje asubuhi. Watoto hawa hawana nguvu za kutosha za kupigana na vijidudu, na saa chache zinaweza kuwaua. Vilevile kifua kinachouma, pumzi inayokatika, macho au viganja vinavyopauka ghafula, tumbo linalovimba upande wa kushoto, kiungo kinacholegea: hayo yote ni mambo ya hospitali. Mtoto aliyenyamaza si lazima awe amepona. Pengine amechoka tu kulia.

Tena mjihadhari na wale wanaouza katika simu "sauti za kuponya", wakisema kwamba mtetemo wa namba fulani hutibu damu, figo au moyo. Hakuna uthibitisho wa maneno hayo. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba muziki unaweza kupunguza wasiwasi wa mgonjwa, na kwa kiasi fulani maumivu yake. Hilo ni jema, nalo latosha. Anayeahidi zaidi ya hapo anataka fedha zenu.

Sasa kijana wetu ana miaka kumi na minne. Kila siku anakunywa dawa zake, na siku zake za kupimwa haziruki. Nasi nyumbani tumejiwekea desturi. Maumivu yakianza, dawa na maji ndivyo vya kwanza, na kipimo cha homa huja kabla ya wimbo. Redio huzimwa, wageni huombwa wangoje sebuleni, na mtu mmoja tu hukaa karibu naye. Huyo mmoja huimba polepole, kwa sauti ya chini, wimbo anaoujua mtoto tangu utoto, tena hunyamaza mara kwa mara. Kila baada ya saa moja au mbili tunampima tena, hata akiwa amelala. Na ikiwa anayekaa naye amejaa hofu, humwachia mwingine nafasi, kwa maana hofu nayo huambukiza.

Nkambo alifariki miaka miwili iliyopita. Katika kiangazi kilichofuata, maumivu yalimrudia kijana. Nilikaa kitandani, nikaanza wimbo ule wa Kamina. Lakini huzuni ilinikaba koo, nikakatika katikati ya ubeti. Kijana alinyosha mkono wake, akaushika wangu. Kisha yeye mwenyewe, pamoja na maumivu yake, aliuendeleza wimbo mdomo umefumbwa, polepole, kama alivyoupokea. Niliona pumzi yangu ikianza kumfuata.

Wimbo ulipokwisha aliniuliza: "Baba, umenipima?"

Nilichukua kipimo. Homa haikuwapo. Ndipo tukaanza wimbo tena, wote wawili.