Akili na Chombo Chake

Msomaji mpenzi, hesabu ni somo linaloogopwa na wengi. Mimi niliyelifundisha kwa miaka kadhaa najua kuwa hofu hiyo huzaliwa pale mwanafunzi anapoamriwa kukariri asichokielewa. Sasa tarakilishi imeingia darasani, na wapo wanaodhani kuwa itafikiri badala yao. Natulipime wazo hilo.

Iko programu iitwayo GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, nchini Austria. Wanafunzi huitumia bila malipo, na ikishawekwa katika tarakilishi hufanya kazi hata pasipo intaneti. Chora pembetatu, pima pembe zake, kisha ivute ncha moja. Umbo litarefuka, litafupika, litainama. Lakini jumla ya pembe itabaki nyuzi 180. Kwa chaki ningechora pembetatu tano. Chombo hiki huonyesha mamia kwa muda huohuo. Faida hiyo si haba.

Lakini sikiliza. Mwanafunzi wangu mmoja wa Gredi ya 8 alijumlisha tarakimu alizoziona: 61.24, 57.34 na 61.43. Akapata 180.01. Wenzake walimcheka, wakamwambia arudie. Kumbe hakukosea! Programu ilikuwa imekadiria kila pembe hadi nafasi mbili za desimali, na makadirio hayo yakazaa ziada. Akauliza, "Mwalimu, basi tutajuaje kuwa ni 180 kamili?"

Swali hilo halijibiwi kwa kupima. Tulirudi kwenye karatasi, tukachora mstari unaopita kwenye kilele cha pembetatu, sambamba na kitako chake. Kila pembe ya kitako ikapata iliyo sawa nayo huko juu, moja kushoto na moja kulia kwa pembe ya kilele. Zote tatu zikalala juu ya mstari ulionyoka, nao una nyuzi 180. Hoja hiyo yatosha kwa pembetatu zote, hata zisizochorwa kamwe.

Basi, ndugu msomaji, ukikipata chombo kitumie kwa bidii. Anayebonyeza ovyo mpaka jibu likubaliwe hajajifunza neno. Siku ya mtihani ataketi peke yake na kalamu yake. Chombo kikikuonyesha jambo, shukuru. Kisha uliza kwa nini, wala usiondoke kabla ya kupata sababu.