Sala Iliyomlemea Binti Yangu

Binti yangu alianza kuumwa tumbo mwezi Februari, mara tu alipoingia Kidato cha Pili. Lilimuuma asubuhi, siku za shule tu. Tulimpeleka zahanati mara mbili, akapimwa, hakukutwa na ugonjwa. Mama yake akasema anadeka. Mimi, mzee wa kanisa, nikaongeza maombi.

Alipomaliza darasa la saba alikuwa wa pili shuleni kwao, na jumuiya nzima ilitupongeza. Nadhani furaha ile ilinipofusha. Sikufikiria kwamba mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili amefika sekondari na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Usanisinuru aliujua, angekueleza vizuri jinsi jani linavyojitengenezea chakula. Alipoulizwa jambo lile lile kwa Kiingereza alikaa kimya, wenzake wakacheka. Nilipoona alama zimeshuka nikamlipia tuisheni ya jioni, ambayo nayo ilikuwa kwa Kiingereza kile kile. Akawa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, maana makonda hawapendi kujaza wanafunzi, anarudi saa moja usiku, kisha anaosha vyombo. (Kaka yake haoshi. Hilo nalo nimeliona nikiwa nimechelewa.)

Lakini hayo yote yeye hakuyataja. Kilichomlemea zaidi nilikisikia usiku mmoja wa Agosti, baada ya ibada ya nyumbani. Kila jioni nilikuwa naomba kwa sauti: Bwana, mfaulishe mtoto huyu upimaji wa Novemba, asirudie kidato, asituaibishe mbele ya watu. Niliamini namtia moyo. Usiku ule, baada ya amina, akaniuliza, "Baba, nikifeli, itakuwa Mungu amekukatalia wewe au amenikatalia mimi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda kulala, usingizi ukakataa. Nikajiuliza ni watu gani hasa hao niliowataja katika sala. Walikuwa wazee wenzangu, ninaokaa nao benchi moja, ambao watoto wao walifaulu mwaka uliotangulia. Hofu ilikuwa yangu, nami nilikuwa nikimtwisha mtoto wa miaka 14 kila jioni kwa jina la Bwana.

Asubuhi nikafungua Luka, pale Yesu wa miaka 12 alipokutwa hekaluni. Nimelifundisha somo lile mara nyingi nikisifu majibu yake. Safari hii niliona kwamba kabla ya majibu, alikuwa amekaa na walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Binti yangu alikuwa hajauliza swali darasani tangu aanze sekondari. Aliogopa kukosea Kiingereza.

Nilimwomba msamaha, tukasimamisha tuisheni. Vyombo sasa vina zamu, na kaka yake analalamika. Tumbo halijapona kabisa. Asubuhi za hisabati bado linamsumbua. Katika sala, mtihani hautajwi mpaka autaje mwenyewe.

Juzi tulikaa na daftari lake la baiolojia na kamusi yangu kuukuu. Yeye anaeleza kwa Kiswahili, mimi natafuta neno la Kiingereza, naye ananisahihisha matamshi huku akicheka. Tulipofika kwenye moyo na mishipa ya damu umeme ukakatika. Nikainuka kutafuta mshumaa. Yeye akaendelea kunieleza gizani.