Kilabu cha Mama, Kibosho

Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi zilikuwa za mama. Ndivyo kihamba chetu cha Kibosho, yaani shamba letu la nyumbani, kilivyogawanyika, ingawa mibuni na migomba iliota pamoja kwenye udongo uleule. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu na kupita mikononi mwa baba. Ya ndizi ilikuja kidogo kidogo mwaka mzima, na sehemu kubwa ilitokana na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ninaandika haya baada ya miaka zaidi ya arobaini kwa sababu nimechoka kusikia kilabu cha pombe ya kienyeji kikitajwa kama maskani ya walevi tu. Kile kilichonilea mimi kilikuwa kazi ya mwanamke fundi, na kilikuwa na sheria zake.

Mama alianza kuuza nyumbani mwaka 1976. Kabla ya hapo alipika kwa ajili ya shughuli tu: kipaimara, mahari, matanga. Alimwomba baba banda lililokuwa la mbuzi, wakalisafisha, wakalikandika upya, wakagongomea mabenchi kuzunguka kuta. Dirisha moja dogo alilitaka mwenyewe, litazame jikoni, ili amwone kila anayeingia bila kuuacha moto.

Upishi ulianza siku nyingi kabla ya mteja wa kwanza. Tulivumbika ndizi mpaka maganda yakaanza kupiga weusi, tukazimenya, zikaingia kwenye pipa lililokatwa nusu na kuchemka tangu asubuhi hadi jioni. Maji yalibadilika rangi, yakawa mekundu ya kahawia. Mama hakuruhusu mtu aharakishe hapo. Ndizi iliyopikwa nusu, alisema, haidanganyi ulimi. Pipa likishatulia liliachwa siku kadhaa lichachuke, kisha mchanganyiko ukachujwa kwa nyasi safi, tukabaki na maji matupu.

Wakati huo ulezi nao ulikuwa na safari yake. Uliloweshwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba hadi ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Shuleni baadaye nilifundishwa kwamba nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, nayo sukari ndiyo chakula cha chachu. Mama hakuwa na msamiati huo, lakini alijua kwa kutafuna punje moja kama ulezi umefika au bado. Unga ule ulipikwa ukawa uji mzito, ule tunaouita mso, ukapozwa, ukachanganywa na maji ya ndizi. Mwisho gamba la mti wa msesewe, lililokaushwa na kutwangwa, liliingia kwa kipimo cha mkono wake ili kutia uchungu. Kesho yake povu lilikuwa limepanda.

Kuanzia hapo mbege haimsubiri mtu. Siku ya kwanza ina utamu, ya pili imekolea, na ikikaa zaidi inageuka kuwa kali na chachu. Haihifadhiki kama bia ya chupa. Kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu walipeana zamu: huyu akipika wiki hii, yule anasubiri, na anayesubiri huja kununua kwa mwenzake. Hakuna ofisi iliyowapangia. Walikubaliana walipokutana njiani na mizigo ya majani ya ng'ombe, na sikumbuki zamu hizo zikileta ugomvi.

Kilabu kilifunguliwa mchana, wanaume wakishamaliza kazi za shamba. Mama alionja kwanza mbele ya wote, kama desturi inavyotaka, kisha kata ya kwanza ikaenda kwa mzee kuliko wote. Sisi watoto tuliamkia, tukapokea kata tupu, tukazirudisha zimejaa. Madeni yaliandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango, mistari tu bila majina, naye alijua kila mstari ni wa nani. Mtu aliyeuza kahawa yake na kutaka kuimaliza fedha pale alikuwa akiambiwa kwa upole: "Baba, imetosha. Nenda nyumbani, watoto wanakungoja." Wengine walinuna. Walirudi, kwa sababu wake zao walimheshimu mama kwa hilo, na ndio waliomuuzia ndizi zake zilipopungua.

Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 na 1978, amri ikatoka kwamba vilabu vya vijijini vifungwe. Wengi walilalamika kwamba pombe iliyochemka kutwa haiwezi kubeba ugonjwa. Mama alifikiri tofauti, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wa akili yake. Alisema moto unasafisha pombe, lakini kata moja inayozunguka vinywa vingi hakuna anayeichemsha. Ruhusa iliporudi, alikuwa amenunua vikombe vya bati, kila mteja na chake, vikaoshwa kwa maji ya moto. Wazee walisononeka, kwa kuwa kushiriki kata moja ndiyo iliyokuwa maana ya kukaa pamoja. Hakurudi nyuma.

Alilegeza mara moja tu. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, kijana wa jirani alirejea akiwa mzima. Ukoo wake ulijaa bandani hadi nje, na mama akaishusha kata kubwa iliyotundikwa ukutani, akaiosha, akaonja, akampa yule kijana kabla ya wazee. Hakuna mzee aliyepinga. Kijana alikunywa, akampitishia baba yake, na baba yake akashindwa kunywa kwa kulia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanga foleni kwa sukari na sabuni, na bia ya kiwandani nayo ilikuwa adimu. Bandani pakajaa hata walimu na makarani ambao zamani walikuwa wakipita bila kuingia. Hapo ndipo zilipotoka daftari, sare na nauli zetu za sekondari, mimi na wadogo zangu wote.

Sasa anayepika ni mdogo wangu wa mwisho, na si kwa kilabu tena bali kwa harusi na kwa Desemba, pale Wachagga tunapopanda mlima kwenda kula Krismasi nyumbani. Huanza kuvumbika ndizi kabla basi letu halijaondoka Dar es Salaam. Ulezi huutafuna punje moja moja, na mtu akimsogelea kumuuliza lini itakuwa tayari, humrudisha akapange vikombe.