Lafudhi ya Kuvu

Nimekulia Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kwenye foleni ya maji kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na wengi wetu tunaelewana kwa Kiswahili. Kwa sura tu, mara nyingi huwezi kujua nani katoka wapi. Lakini mtu akisema “bitabu” badala ya “vitabu”, tunajua huyo ni wa Kongo.

Sasa ninasoma sayansi ya maabara mjini Mbarara, na kuvu za magonjwa zinanikumbusha foleni ile. Chini ya darubini nyingi ni viduara vinavyofanana. Njia moja ya kuzitofautisha ni kupima protini zake. Kuvu huchanganywa na kemikali maalumu na kupigwa leza. Protini huruka ndani ya bomba lisilo na hewa, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata. Mpangilio huo ndio lafudhi ya kuvu. Kompyuta huulinganisha na maktaba yake, kisha hutaja jina.

Jina si jambo dogo. Shangazi yangu aliumwa kichwa wiki tatu akimeza dawa za malaria, kabla ya kuchotwa maji ya uti wa mgongo na kukutwa na Cryptococcus. Alipona, lakini macho yake hayakurudi. Kipimo cha haraka cha kuvu hiyo hakitofautishi neoformans na gattii, protini hutofautisha. Candida auris nayo, iliyoelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, mara nyingi haisikii flukonazoli. Vipimo vingi viliiita kwa jina la ndugu yake, Candida haemulonii, na hata mashine za protini hazikuweza kuitaja mpaka ilipoingizwa kwenye maktaba zao.

Hapo ndipo ninapoiona kazi yetu. Mashine haiwezi kutambua lafudhi ambayo haijawahi kuisikia. Mbarara ilikuwa kituo kimojawapo cha utafiti wa AMBITION, ambao mwaka 2022 ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge, inaweza kushika nafasi ya sindano za siku saba. Wagonjwa wa huku wameisaidia dunia kujua namna ya kutibu. Kuvu za huku nazo zipimwe, zihifadhiwe na kuingizwa katika maktaba hizo. Kazi hiyo ndiyo ninayoisomea.