Safari ya Magadi: Kutoka Mlimani Hadi Katika Meno Yetu

Nenda katika soko lolote la kaskazini mwa Tanzania. Utayakuta magadi. Yamepangwa kwa mafungu, karibu na chumvi na vitunguu. Mengine ni meupe. Mengine ni ya kijivu na yamechanganyika na udongo. Mpishi wa makande huyanunua ili maharage yaive upesi. Mpishi wa kiburu huyataka pia. Wafugaji huwapa ng'ombe wao wayalambe. Bei yake ni ndogo na kila mtu anayajua.

Lakini je, magadi ni kitu gani? Ni chumvi? Yanatoka wapi? Na kwa nini wataalamu wa meno na wa maji wanatuonya tuyatumie kwa uangalifu? Tufunge safari tukayatafute majibu.

NJIA YA KWENDA ZIWANI

Kutoka Arusha tunafuata barabara ya lami ya kwenda magharibi. Baada ya kilomita 80 hivi tunafika Makuyuni. Hapo tunakata kulia mpaka Mto wa Mbu, mji wa ndizi na mpunga. Kisha tunaiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda kaskazini.

Sasa tumo ndani ya Bonde la Ufa. Upande wa kushoto kuna ukuta mrefu wa mawe. Mbele yetu ni tambarare kavu, nyumba za Wamasai na makundi ya mbuzi. Tunapita Engaruka. Hapo wakulima wa zamani walijenga matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia mashamba, miaka mingi kabla ya wakoloni. Mawe yao yapo hadi leo.

Halafu unatokea mlima mmoja, umesimama peke yake. Ubavu wake ni mkali na kilele chake kimechongoka. Huo ndio Ol Doinyo Lengai. Kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu.

MLIMA UNAOTAPIKA MAGADI

Lengai ni volkano iliyo hai. Volkano ziko nyingi duniani, lakini hii haina mwenzake. Volkano nyingine hutoa uji wa mawe yaliyoyeyuka, wenye moto wa nyuzi 1,000 na zaidi. Uji huo huitwa lava. Ukipoa huwa jiwe gumu jeusi. Lava ya Lengai ina moto wa nyuzi 500 hadi 600 tu. Ni nyepesi, nayo hutiririka karibu kama maji. Inapotoka ni nyeusi. Ikishapoa na kupata unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe baada ya saa au siku chache. Mtu akiutazama mlima kwa mbali huweza kudhani una theluji.

Kwa nini iko hivyo? Mwaka 1960 mtaalamu wa miamba, J. B. Dawson, aliifikia kreta ya mlima huo. Yeye na wenzake walipoipima lava walikuta imejaa sodiamu na kaboni, yaani vitu vilevile vilivyomo katika magadi. Hakuna volkano nyingine duniani ambayo watu wameiona ikitoa lava ya namna hii.

Lengai si mlima wa kuchezea. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, mwaka 1940, mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Mwaka 2007 majivu yalipanda juu sana angani, na baadhi ya watu wa vijiji vya chini walihama na mifugo yao. Majivu hayo huanguka juu ya majani, juu ya udongo na ndani ya maji. Karibu na kijiji cha Ngare Sero kuna nyayo za watu zaidi ya 400. Walikanyaga majivu yenye maji maelfu ya miaka iliyopita. Majivu yakakauka, yakawa jiwe, na nyayo zao zikabaki.

SUFURIA KUBWA LA JUA

Kutoka Ngare Sero tunateremka hadi Ziwa Natron. Urefu wake ni karibu kilomita 57, na upana wake ni kilomita 22 hivi. Lakini kina chake hakifiki mita 3. Joto ni kali. Ardhi ya pembeni ni nyeupe na hulia kwa mvunjiko ukiikanyaga.

Maji huingia ziwani kwa mito, kama vile Ewaso Ng'iro ya Kusini inayotoka Kenya. Huingia pia kwa chemchemi za maji moto. Lakini hakuna mto unaotoka. Maji yakishaingia, njia yake ya kutoka ni kwenda juu angani tu.

Mama akisahau sufuria la maji ya chumvi jikoni, maji huisha kwa mvuke. Kinachobaki ni unga mweupe chini ya sufuria. Ziwa Natron ni sufuria la namna hiyo. Jua ndilo moto wake. Mvua na chemchemi huyeyusha sodiamu kutoka katika mawe na majivu ya volkano na kuileta ziwani. Maji yanapanda, magadi yanabaki. Kazi hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka. Ng'ambo ya mpaka, huko Kenya, liko Ziwa Magadi la namna hiyohiyo. Kampuni ya kuchimba magadi ya huko ilianzishwa mwaka 1911. Magadi hayo hutumika viwandani kutengenezea vioo na sabuni.

Je, viumbe huweza kuishi katika maji kama hayo? Ndiyo, lakini ni wachache. Wako vijidudu vidogo mno wanaopenda chumvi, na hao ndio hulifanya ziwa liwe jekundu wakati wa kiangazi. Wako pia heroe, ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Hula mimea midogo sana ya majini, na rangi yao hutokana na chakula hicho. Hapa ndipo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaa mara kwa mara. Hujenga viota vya matope katikati ya ziwa. Fisi na mbweha hawawezi kuwafuata, kwa sababu magadi huwaunguza miguu. Mwaka 2001 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya maeneo ya maji yanayolindwa duniani.

CHUMVI NA MAGADI NI NDUGU?

Ni ndugu, lakini si pacha. Ni watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Baba yao ni sodiamu. Chumvi ya mezani ni sodiamu iliyoungana na klorini. Magadi ni sodiamu iliyoungana na kaboni na oksijeni. Hata jina la Natron ni la zamani sana. Wamisri wa kale waliyatumia magadi ya namna hii kukausha maiti za wafalme ili zisioze. Mpaka leo wanakemia wote duniani huandika sodiamu kwa herufi mbili, Na, kutokana na jina hilo.

Unaweza kuwatofautisha ndugu hawa nyumbani. Weka magadi kidogo katika kibakuli, na chumvi kidogo katika kibakuli kingine. Kamulia limau kote kuwili. Magadi yatatoa povu na kulia polepole. Chumvi itanyamaza. Povu hilo ni hewa ya kaboni, ileile iliyomo katika soda ya chupa. Ukali wa limau umeifukuza kutoka katika magadi.

Na kwa nini maharage huiva upesi? Katika ganda na nyama ya harage kuna kitu kinachoshikilia sehemu zake, kama udongo unavyoshikilia matofali ya ukuta. Magadi hulegeza gundi hiyo. Kwa hiyo kuni hupungua. Lakini magadi pia huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage. Faida ipo, na hasara ipo.

MSAFIRI ASIYEONEKANA

Hasara iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Magadi hayasafiri peke yake. Katika mawe na majivu ya volkano kuna kitu kingine kiitwacho floraidi. Haina rangi. Haina harufu. Mtu hawezi kuitambua kwa kuonja maji. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa nyingi za meno. Ikizidi, inadhuru.

Ili tuone madhara yake, turudi Arusha, tuvuke mji na kwenda mashariki kwa barabara ya Moshi. Tunapita Tengeru na Usa River, tunafika Maji ya Chai. Hapa tupo chini ya Mlima Meru. Meru nao ni volkano, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Eneo limepewa jina hilo kwa ajili ya mto wenye maji ya rangi kama chai. Mgeni huogopa rangi hiyo. Lakini floraidi haina rangi. Hata maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa nayo nyingi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Gramu moja ukiigawa mafungu 1,000, fungu moja ni miligramu. Ni kidogo sana. Baadhi ya mito na chemchemi za Meru ina zaidi ya miligramu 10 katika lita moja.

Mtoto akinywa maji hayo tangu utotoni, meno yake ya ukubwani huota yakiwa na madoa, meupe kwanza, kisha ya kahawia. Meno hayo hutengenezwa ndani ya ufizi kabla mtoto hajafikisha miaka 8 hivi. Kwa hiyo doa huingia kabla jino halijaonekana. Kupiga mswaki hakuliondoi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia katika mifupa. Miguu ya watoto huweza kupinda. Mgongo wa mtu mzima hukakamaa, naye hushindwa kuinama.

Wako vijana wanaofunika mdomo kwa mkono wakicheka, kwa kuona aibu. Wako waliochekwa kwamba hawasafishi kinywa. Tuelewane vizuri: huo si uchafu, si uchawi, wala si laana ya ukoo. Ni maji na magadi.

Ndiyo, na magadi pia. Watafiti walikuta watoto wenye meno ya madoa hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo. Walipochunguza chakula, waligundua kwamba magadi yaliyotiwa chunguni yalikuwa na floraidi nyingi. Kile kilichotoka mlimani kilikuwa kimefika mezani.

MFUPA UNAOMKAMATA MWIZI

Wengi husema, "Tutachemsha maji." Kuchemsha ni kuzuri, maana huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Endelea kuchemsha. Lakini floraidi haifi, kwa sababu haina uhai. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki palepale, na maji yaliyosalia huwa nayo zaidi.

Karibu na Maji ya Chai kuna Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara inayoshughulikia maji. Kazi yake ni kutafuta njia ya kuondoa floraidi. Njia inayotumika hapo ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo mpaka igeuke mkaa. Kisha huvunjwa vipande vidogo na kujazwa katika ndoo yenye bomba. Maji hupita polepole katikati ya mkaa, na floraidi hunaswa humo.

Kwa nini mfupa? Kwa sababu ndani ya mwili wetu pia floraidi hukimbilia mfupani. Mfupa una kalisi, na floraidi huipenda sana kalisi. Wataalamu wameiacha iende inakopenda, lakini imkute ng'ombe ndani ya ndoo, isimkute mtoto. Baada ya muda mkaa hushiba, na lazima ubadilishwe. Usijichomee mifupa mwenyewe kwa kubahatisha. Mkaa uliochomwa vibaya huharibu maji kwa harufu na ladha mbaya, na bila kipimo huwezi kujua kama umeshiba.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kamati ya maji ya kijiji iombe ofisi ya maji ya wilaya ipime floraidi katika kila kisima na kila chemchemi. Chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana sana.

Pili, kinga maji ya mvua kwa bati safi na chombo chenye mfuniko. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo mno. Kama hayatoshi watu wote, wapewe kwanza watoto wadogo kwa kunywa na kwa uji wao.

Tatu, loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, upike kwa maji mapya. Yataiva upesi bila magadi. Chakula cha watoto kisitiwe magadi kabisa.

Meno yaliyokwisha kupata madoa hayarudi nyuma. Lakini mtoto anayenyonya leo bado meno yake yanatengenezwa. Yeye anaweza kukua akicheka bila kufunika mdomo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini Ziwa Natron lina magadi mengi?
2. Utatofautishaje magadi na chumvi kwa limau?
3. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi?
4. Katika kijiji chenu, nani amewahi kupima maji mnayokunywa? Mtamwomba nani ayapime?