Shukrani Haifundishwi kwa Masimango

Akina mama wenzangu, Kiswahili kina methali nyingi za kuwalaumu wasio na shukrani. Twasema, "Shukrani ya punda ni mateke," au "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi." Waingereza nao husema mtu kama huyo ameuma mkono unaomlisha. Misemo hii yote hutoka kinywani mwa mtoaji aliyeudhika. Mpokeaji haulizwi neno.

Hapa kwetu Kagera misemo hii huumiza zaidi. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Mwaka 1987, uchunguzi ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 katika mji wa Bukoba alikuwa na virusi. Wazazi wengi walifariki, na watoto wakachukuliwa na bibi, shangazi na mama wadogo. Tangu hapo, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zimelea mtoto asiyezaliwa humo.

Katika uuguzi, na katika kuzitembelea familia kwa niaba ya kanisa, nimewasikia walezi wakiwarushia watoto maneno hayo. Sahani ikivunjika, "shukrani ya punda." Mtoto akichelewa kisimani, "nimekulisha bure." Hayo ni masimango, na mtoto anayesimangwa huacha kuomba. Nilimhudumia binti mmoja aliyeficha homa siku kadhaa, akiogopa kuambiwa kuwa anamaliza fedha za watu. Alipoletwa, malaria ilikuwa imempanda kichwani. Tunamshukuru Mungu alipona.

Methali ninayoipenda mimi ni hii: "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Hiyo haimdai mtu ya jana, yamkumbusha kuwa kesho tutahitajiana tena. Mlezi naye atazeeka, na mtoto huyo huenda ndiye atakayempikia uji.

Basi tufundishe shukrani kwa matendo. Mtoto akiteka maji, mwambie, "Asante, mwanangu." Ukimpelekea bibi sabuni na sukari, mpe mtoto azibebe, aone jinsi fadhili inavyokumbukwa.

Katika Luka 17, wakoma 10 walitakaswa, akarudi 1 tu kushukuru. Bwana Yesu aliuliza walipo wale 9, lakini hakuwarudishia ukoma wao. Nasi tukiisha kutoa, tusidai tena kwa ulimi.