Yungiyungi, Ua la Maji Matamu

Asafiriye kwa njia ya nchi kavu kutoka Malindi kwenda Lamu huvuka Mto Tana hapo Garsen, lakini maji ya mto huo humwandama kwa masafa zaidi ya daraja. Baada ya mvua za masika, nyanda za bonde hugeuka madimbwi, na juu ya madimbwi hayo hutanda majani ya mviringo, kila moja limepasuka upande mmoja hadi penye kikonyo. Kati ya majani husimama maua, mengine ya buluu, mengine meupe. Hayo ndiyo mayungiyungi.

La buluu hufumbua asubuhi na kufumba alasiri. Jeupe hungoja machweo, likakesha wazi, kisha likajifumba jua likipanda. Ua likishapevuka, kikonyo huvutwa chini na tunda likaivia ndani ya maji. Mbegu hutoka zikielea kwa muda mfupi, halafu huzama topeni. Kiangazi kikija na dimbwi likakauka hadi ardhi ikapasuka nyufa, mpita njia hudhani mmea umekufa, kumbe kiazi chake kimelala chini kikingoja mvua.

Mmea huu ni wa kwetu. Wataalamu wameipa aina mojawapo ya yungiyungi la buluu jina la Zanzibar. Nalo yungiyungi jeupe lina jamaa yake mwenye majani mekundu ya mabaka, apendwaye sana na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Asia.

Kutoka Garsen njia hupita Witu hadi Mokowe, na hapo msafiri hupanda boti kuelekea mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urathi wa dunia mwaka 2001. Kisiwa hiki kimezungukwa na bahari, nacho hakina mto. Maji yake matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywea mchangani, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Yakichotwa kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima huharibika. Ndiyo maana ujenzi juu ya vilima vile si jambo la mwenye kiwanja peke yake. Ni jambo la kila jiko na kila msikiti wa mji.

Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu walijua thamani ya maji hayo. Chooni walijenga birika, yaani hodhi la kuhifadhia maji ya kuogea na kutawadha, na ndani yake wakatia samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika walipachika bakuli la kauri ya Kichina, ili maji yanapopungua samaki wapate mahali pa kubakia hai. Anayetazama bakuli lile leo huliona pambo. Kwa bibi wa nyumba wa zama hizo lilikuwa pia kinga ya watoto wake.

Na haja ya kinga hiyo haijapita. Mwaka 2004, wakati wa ukame, homa ya chikungunya iliwapata watu wengi sana wa Lamu, na baadaye ikafika Mombasa. Watafiti waliihusisha na maji yaliyowekwa majumbani na kukaa muda mrefu bila kubadilishwa, mbu wakapata mahali pa kuzalia. Maji yaliyokaa nyumbani hayakosi kiumbe. Ikiwa hatukuyawekea samaki au kifuniko, mbu atayamiliki.

Kwa hiyo familia inayoweka tangi la kioo sebuleni, au chombo kipana uani, inaendeleza adabu ya kale. Kwa tangi, yungiyungi jeupe na jamaa zake ndio wafaao zaidi, kwani huridhika kuwa na majani chini ya maji. La buluu hupenda uani, penye jua la saa nyingi.

Tandazeni chini udongo wa mfinyanzi usio na samadi, kisha juu yake mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa pwani haufai, maana una chumvi na vipande vya kome. Kiazi kizikwe nusu, ncha inayochipua ibaki juu. Maji ya mvua ni bora. Ya mfereji yaachwe wazi siku nzima klorini ipungue. Ya kisima chenye magadi au chumvi yaepukwe. Tangi liwekwe karibu na dirisha lenye mwanga, lakini jua kali la adhuhuri lisiligonge, la sivyo maji yatapata joto na utelezi wa kijani.

Majani yakianza kupanda juu, yakateni yangali machanga, na mmea utaendelea kutoa majani ya chini. Ukiyaacha yakafunika uso wote wa maji, kilichoko chini hukosa mwanga. Jani lililogeuka manjano liondolewe kabla halijaoza. Chakula cha samaki kiwe kidogo, kiishe kwa dakika chache. Kila juma badilisheni robo ya maji. Kazi hii yafaa kupewa mtoto mmoja awe ndiye msimamizi, apate kujifunza kwamba kiumbe aliye mikononi mwake hawezi kujiombea maji.

Limebaki neno la tahadhari. Gugumaji, lililoziba njia za mashua na nyavu za wavuvi katika Ziwa Viktoria, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Ziwa Naivasha nalo lilivamiwa na mimea ya majini ya kigeni. Basi mmea wa dukani ukizidi, usitupwe mtaroni, kisimani wala dimbwini. Ukaushwe juani mpaka ufe, kisha uzikwe. Samaki wa dukani vilevile wasiachiliwe mtoni. Madimbwi ya Tana yana maua yake, na hayo yatutosha.

Ama maji yanayotolewa tangini kila juma, yasimwagwe bure. Yana rutuba ya samaki, na mkilua na asumini za uani huyapokea vizuri.